Hata wati mbili hazifiki

Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Chikongola hapa Mtwara mjini. Wateja wakiiona spika ya Bluetooth niliyoiunda mwenyewe, iliyo juu ya kabati la vitambaa, huuliza, "Fundi, hiyo ina wati ngapi?" Nawaambia hata wati mbili hazifiki kila upande. Wanacheka, maana wameisikia tangu wakiwa ng'ambo ya barabara, na sabufa wanazouziwa madukani zimeandikwa wati elfu na kitu kwenye boksi. Hizo namba za kwenye boksi nilishaacha kuzisoma. Kilichoipa spika yangu sauti ya kusikilizika ni kasha, kitambaa na mpangilio wa nyaya, na vingi katika hivyo vilikuwa mezani kwangu kabla sijajua hata kulehemu.

Vilivyomo ndani ni vya kawaida kabisa. Kuna bodi ndogo ya Bluetooth inayopokea muziki kutoka kwenye simu, bodi ya amplifaya yenye chipu ya PAM8403, bodi ya kuchajia ya TP4056 ile yenye ulinzi wa betri, seli moja ya 18650 (betri ya kuchaji yenye umbo la kopo jembamba) iliyotoka kwenye betri ya kompyuta mpakato iliyokufa, swichi, na spika mbili zilizong'olewa kwenye TV ya chogo. Ile chipu, ukiipa volti 5 na spika za omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme), inatoa wati 3 kila upande. Kwa seli moja ya volti 3.7 unapata kama nusu yake, na spika za chogo, ambazo nyingi ni za omu 8 au zaidi, zinapunguza tena. Kwa hiyo ninaposema hazifiki mbili sijishushi.

Bodi za namna hii ukizikosa kwa mafundi simu wa sokoni unaagiza Kariakoo, zinakuja na basi. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam ikakatika kule Somanga, Kilwa, kifurushi changu chenye bodi ya kuchajia kilikwama njiani. Muda wote huo nilikuwa naichomoa seli na kumpelekea fundi simu jirani aichaji kwenye kifaa chake, namshonea mashati ya wanawe kama malipo. Yeye aliona amepata, na mimi pia.

Kuunganisha sitakaa sana, video za kuonyesha ziko tele. Nitaje moja tu ambalo limeua bodi nyingi: kwenye PAM8403, waya hasi wa spika ya kushoto na ule wa kulia hauruhusiwi kukutana, wala kuunganishwa na hasi ya betri. Kila spika inasukumwa kutoka pande zote mbili za waya zake. Aliyezoea redio za gari za zamani huunganisha hasi zote kwa mazoea, na chipu inakufa kimya kimya.

Mara ya kwanza kuwasha, spika zilikuwa zimekaa kwenye boksi la viatu lililotobolewa. Bibi mmoja aliyekuja kuchukua gauni lake la harusi ya mjukuu alisikiliza kidogo akaniuliza, "Mwanangu, huyo anayeimba kwani yuko ndani ya ndoo?" Fundi simu naye alikuwa na jibu lake tayari: "Dada, hapo tatizo ni wati. Weka amplifaya kubwa, utapata mziki mnene."

Ushauri huo utaupata kila kona, nami naupinga kwa hesabu. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Kwenye banda lenye cherehani mbili na pikipiki zinazopita nje, ongezeko hilo hulioni. Ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu inabidi ipande kama desibeli 10, maana yake wati mara kumi, maana yake betri kubwa, chaja kubwa na joto kubwa. Upande wa pili, spika zenyewe hazilingani. Ukizipa wati moja moja, moja inaweza kuipita nyingine kwa desibeli 6, na hizo desibeli 6 kuzipata kwa amplifaya ungehitaji wati mara nne. Spika za chogo zina karatasi nyepesi na ukingo mwepesi, zilitengenezwa enzi za amplifaya dogo. Hazina besi ya kutikisa, lakini mtangazaji wa mpira anasikika kila neno, na kaswida na taarab zinatoka vizuri. Zile spika ndogo za pembeni za sabufa ni kinyume: koni, yaani ile karatasi inayotikisika, ni nzito, zinakula umeme, ila zinashuka chini. Hizo nilizitunza kwa kazi nyingine nitakayoieleza mbele.

Basi nikaliacha amplifaya kama lilivyo, nikahangaika na boksi.

Kuna jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifanya. Shika spika tupu mkononi ikiwa inapiga wimbo wenye besi. Utasikia mlio mwembamba, wa juu juu. Sasa chukua kipande kikubwa cha kadibodi, kata tundu la ukubwa wa ile koni, ibane spika kwenye tundu bila kuacha upenyo. Besi inatokea palepale, na wati hazijaongezeka hata kidogo. Koni ikienda mbele inasukuma hewa mbele na kuivuta nyuma kwa wakati mmoja; pasipo kizuizi, hewa ya mbele inazunguka kwenda kujaza pengo la nyuma, na sauti nzito zinafutana. Kadibodi inazuia mzunguko huo. Kasha linauzuia kabisa, mradi liwe limeziba kweli.

Ukiwa na spika mbili katika kasha moja, hakikisha zinakwenda upande mmoja. Chukua betri ya volti 1.5, gusisha chanya na hasi kwenye ncha za spika mara moja, uangalie koni: imetoka nje au imeingia ndani? Zote zitoke pamoja. Moja ikitoka na nyenzake ikaingia, zinafutana zenyewe na besi hutaiona tena hata ukijenga kasha la zege.

Boksi la viatu halikufaa kwa sababu linatetemeka kuliko spika. Ndoo ya rangi ilikuwa afadhali kidogo, ila plastiki ile ina mlio wake, na kila wimbo ulibeba mlio uleule. Kutoka Newala nililetewa kibuyu kikubwa kilichokauka, na hicho nakisifu. Ganda lake lililopinda halitikisiki kirahisi. Kasoro yake ni uwazi wa kuwekea spika: kukata mduara sawasawa kwenye kitu kilichopinda kunataka subira, na ukibana skrubu kwa nguvu kinapasuka. Kilipasuka. Bado ninacho, nakitumia kuwekea vifungo.

Mchonga vinyago mmoja alinishauri nitumie mpingo. "Mti wa muziki huo," akasema, na kweli, Ulaya wanatengenezea klarineti. Lakini mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, keekee inaungua kabla ya kutoboa, na bei yake si ya kuchezea. Zaidi ya hayo, kasha la spika halitakiwi kuwa ala. Ngoma ya Kimakonde inataka gogo lake liitike, hiyo ndiyo kazi yake. Kasha likiitika linaongeza wimbo ambao mwimbaji hakuuimba. Unataka mbao bubu. Nikaishia kwenye plaiwudi ya milimita 12, mabaki ya seremala wa makabati, kwa vipimo vya ndani vya sentimita 30 kwa 20 kwa 15, yaani lita 9. Katikati nikaweka kipande cha mbao kinachounganisha ukuta wa mbele na wa nyuma ili visitikisike. Ukigonga kasha kwa kidole sasa linatoa "du" fupi.

Maungio ndiyo yaliyochukua muda. Gundi ya mbao ikichanganywa na vumbi la msumeno inaziba nyufa vizuri. Tundu la waya, tundu la swichi na lile la kuchajia nayo yanavuja, watu huyasahau. Nina njia mbili za kujua. Ya kwanza, sukuma koni ya spika moja taratibu kwa vidole viwili, pande zote mbili za katikati, uishikilie, uangalie koni ya spika ya pili. Kasha likiwa limeziba, koni ya pili inatoka nje na kurudi polepole. Likiwa linavuja, inarudi mara moja. Ya pili ni kijiti cha udi. Piga wimbo wenye besi nzito, pitisha moshi karibu na maungio, na pale moshi unapokatika vipande vipande pana upenyo. Banda linanukia na kazi inafanyika.

Ndani ya kasha kuna sufi. Mimi nashona mito, kwa hiyo sufi haikosekani. Ukiliacha kasha tupu, sauti ya nyuma inagonga ukuta na kurudi kupitia karatasi ya spika, ukaisikia kama ukungu juu ya sauti ya mwimbaji. Nyuzi za sufi zinaimeza. Hata kasha linajiona kubwa kuliko lilivyo, kwa sababu nyuzi zinameza joto la hewa inapobanwa. Usishindilie kama mto, ichambue mpaka iwe nyepesi, ijaze kasha bila kubanwa, na izuie kwa kipande cha neti isiingie nyuma ya koni au kufunika bodi. Mabaki ya sponji nayo yanafaa, ila sponji kwa hewa yetu ya bahari baada ya muda inakuwa unga.

Halafu kitambaa cha mbele. Hapa ndipo nilipokuwa na ya kusema zaidi ya fundi yeyote wa redio, maana wao hufunika kwa chochote chenye rangi nzuri. Nilifunika kwa kitenge kipya, kizuri kabisa, na sauti za "s" na matoazi vikapotea. Kitenge kipya kimejaa wanga na nta, na ufumaji wake umebana. Bazee ndiyo mbaya kupita zote, ile inang'aa kwa sababu imepigwa wanga mpaka hewa haipiti. Kipimo chake ni rahisi: weka kitambaa mdomoni, puliza. Pumzi ikipita bila kujitahidi, sauti itapita. Pumzi ikirudi usoni, kitambaa hicho ni cha gauni. Nikapima karibu kila jora lililokuwa dukani, wateja wakidhani nimeanza mambo ya uganga. Neti ya kawaida inapita vizuri lakini inaonyesha kila kitu. Bitana ya tetroni inakataa. Kilichoshinda ni kanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka wanga wote umetoka na nyuzi zimelegea. Niliivuta kwenye fremu ya mbao nyembamba, na fremu inashikwa na vipande vya velkro ili itoke kufuliwa. Kitambaa kisiguse koni, kiache nafasi ya kidole, la sivyo kitakuwa kinakwaruza kwenye besi.

Kasha lilipotulia ndipo nikasikia kelele iliyokuwepo muda wote: mluzi mwembamba, na "tik-tik-tik" wakati bodi ya Bluetooth inatafuta simu. Ukizima muziki unaudhi zaidi. Chanzo chake ni waya hasi. Bodi ya Bluetooth inavuta umeme kwa vipigo vya haraka, na kama inatumia waya mmoja wa hasi pamoja na amplifaya, vipigo hivyo vinaingia kwenye njia ya sauti na kukuzwa. Nikabadilisha njia: kila bodi ina waya wake wa hasi unaokwenda peke yake hadi kwenye betri, hakuna kupokezana. Nikaongeza kapasita (kikopo kidogo kinachotunza umeme kwa muda mfupi) ya maikrofaradi 1000 kwenye umeme wa bodi ya Bluetooth, chanya na hasi zikiwa mahali pake. Kelele ilishuka sana. Iliyobaki iliondolewa na kijidude cha B0505S, ambacho kinapokea volti 5 na kutoa volti 5 bila pande mbili kugusana kwa waya. Kwa kuwa seli haifiki volti 5, kabla yake kuna bodi ya kupandisha volti, ile ya MT3608. Mzunguko huo unakula betri kidogo, nami nimeukubali kwa sababu napenda kusikiliza taratibu usiku nikimalizia oda za msimu wa korosho, Oktoba na Novemba, watu wanapokuwa na fedha na kila mtu anataka nguo ya wiki hii.

Kwenye bodi ya Bluetooth utaona mstari wa shaba unaokwenda zigizaga pembeni. Hiyo ni antena. Isikae nyuma ya sumaku ya spika, isifunikwe na bati, isiguse waya. Mawimbi yake ya gigahezi 2.4 hayapiti kwenye chuma, na maji yanayameza, nasi binadamu tumejaa maji. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na mimi nimeipa spika kifua, wimbo unakatika. Na usiitumie kuangalia tamthilia: sauti inafika imechelewa kidogo kuliko picha, midomo inatangulia maneno.

Betri nitapita haraka. Seli yoyote ya 18650 iliyoandikwa 9900 mAh (kiasi cha umeme inachobeba) ni ya uongo. Seli nzuri kwa kawaida zinaishia karibu na 3500 mAh, na nyingi za kompyuta mpakato ni 2000 na kitu. Seli halisi ina uzito wa gramu 45 hivi, kwa hiyo mizani ndogo ya jikoni inatosha kumwumbua muuzaji. Usilehemu moja kwa moja juu ya seli, tumia kibebeo chake. Ukiunganisha seli mbili sambamba, zipime kwanza ziwe na volti sawa. Na nikichaji, nazima muziki, kwa sababu ile TP4056 inajua seli imejaa kwa kuona mkondo umepungua. Spika ikiwa inavuta, haiwezi kujua.

Hewa ya huku haina huruma. Shaba inaota kutu ya kijani, hasa kwa walio Mikindani au Shangani, upepo wa bahari unapoingia dirishani. Nimepaka rangi ya kucha isiyo na rangi kwenye sehemu zote zilizolehemiwa, nikaruka antena na tundu la kuchajia. Spika moja ilikuwa na ukingo wa sponji ulioliwa wote. Nilikata mduara wa kitambaa chepesi cha pamba, nikaupaka gundi ya mpira iliyolainishwa, nikaacha ukauke ukiwa bado unakunjika, nikaubandika. Kazi hiyo inataka koni ikae katikati kabisa, kwa sababu koili, ule mzingo wa waya nyuma yake, inacheza kwenye pengo jembamba la sumaku. Ikisogea kidogo unasikia mkwaruzo. Nilichomeka vipande vyembamba vya karatasi kuizunguka koili mpaka gundi ikakauka.

Zile spika za sabufa nilizozitunza, moja imeingia kwenye spika ya pili, ya barazani nyumbani. Nje hakuna kuta za kurudisha besi, kwa hiyo kasha la lita 3.6 lililozibwa halikutosha. Nikaweka bomba la maji la plastiki la kipenyo cha ndani cha milimita 25, urefu sentimita 4. Kwa kasha hilo hesabu inaangukia karibu hezi 85 (mitikisiko 85 kwa sekunde), na hapo hewa ya ndani ya bomba inasaidiana na koni. Bomba likiwa refu zaidi noti inashuka, likiwa pana zaidi inapanda. Chini ya noti hiyo hewa haiizuii koni tena, inarukaruka ovyo, kwa hiyo nyimbo za singeli zenye besi ya kompyuta nazipunguzia sauti.

Mlango wa bomba unapuliza, na kwenye sauti kubwa unasikika ukihema. Ndiyo maana sasa najaribu kitu kingine badala yake: koni ya spika iliyoungua, nimeiondoa sumaku na koili, nimebandika sarafu za shilingi 200 katikati ili iwe nzito, imewekwa kwenye ukuta wa nyuma wa kasha na inasukumwa na hewa tu. Kila sarafu ikiongezeka besi inashuka, ila zikizidi koni inainama upande mmoja na kuanza kugusa fremu. Ukingo wake nimeushona kwa kitambaa cha pamba kilekile nilichotumia kwenye ile spika nyingine, nacho ni chepesi mno kwa uzito huo. Nina jora la turubai jepesi la mikoba ninalotaka kulijaribu likipigwa gundi pande zote mbili.